Nikiacha kuwa kipanga, nitakuwa nani?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nina miaka 34, ni mhasibu hapa Dodoma, mtoto wa kwanza kwa mama yetu. Tangu shule ya msingi naitwa kipanga, yaani mwanafunzi mwenye akili sana. Kidato cha nne nilipata daraja la kwanza la pointi 7, kijiji kizima kilijua. Sasa hatua ya mwisho ya CPA, mitihani ya kitaaluma ya uhasibu, imenishinda mara tatu. Nyumbani niliwaambia nimefaulu, mama akatoa shukrani kanisani. Mdogo wangu wa kike naye ameanza kusomea CPA na hunipigia simu kuniuliza maswali. Siku hizi sipokei. Kazini umeletwa mfumo mpya wa kompyuta. Kijana aliyeajiriwa mwaka jana anaujua vizuri, mimi siujui, na nashindwa kumuuliza. Usingizi umepungua. Rafiki yangu ananiambia niachane na hiyo picha ya ukipanga, nitakuwa huru. Lakini nikiacha kuwa mwenye akili, nitakuwa nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara nimeona kwamba mtihani wenyewe umeutaja kwa sentensi moja tu. Kufeli hatua ya mwisho ya CPA ni jambo la kawaida kwa wahasibu. Wengi hurudia, wengine huamua kuishia hapo, na wanalala usingizi wao. Wewe hulali kwa sababu nyingine. Umemdanganya mama yako. Hupokei simu za mdogo wako. Unakaa na mfumo usioujua, na anayeujua yuko meza ya jirani. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichosababishwa na upungufu wa akili. Vyote ni kazi unayoifanya kila siku, bila likizo, kulinda jina ulilopewa ukiwa mtoto. Ndiyo maana umechoka.

Jina hilo hukujipa mwenyewe, na sitaki ulione kama upumbavu wako. Mtoto wa Kitanzania huanza kupangwa kwa namba kabla hajajua kufunga kamba za viatu: ripoti ya muhula inasema amekuwa wa ngapi kati ya wangapi, na swali la kwanza la mjomba akifika nyumbani ni hilohilo. Enzi zako matokeo ya taifa yalipotoka, majina ya wanafunzi kumi bora yalisomwa redioni na kuchapishwa magazetini. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora mwaka 2023, na mimi niliufurahia uamuzi ule, ingawa kwa kizazi chenu ulikuja umechelewa. Na kwa mtoto wa kwanza ambaye mama anamtegemea, ukipanga ulikuwa zaidi ya sifa. Ulikuwa tegemeo la nyumba. Watu walijinyima ili usome, wadogo zako wakaambiwa wakuige. Ukabebeshwa matumaini ya watu wengi kwa jina moja, nawe ukayabeba vizuri kwa miaka mingi. Jina lile lilikufaa kama sare ya shule ya msingi ilivyokufaa: lilikupa haki ya kuingia mlangoni, likakusitiri. Huna sababu ya kulichukia leo kwa kuwa linakubana.

Lakini jina la aina hiyo lina tabia yake. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa watoto wa shule ya msingi. Watoto walipewa mafumbo mepesi, wakayafumbua, wakasifiwa. Baadhi waliambiwa wamefaulu kwa sababu wana akili, wengine kwa sababu wamejitahidi. Kisha wakapewa mafumbo magumu mno, wakashindwa. Mwishoni kila mtoto aliombwa amwandikie mtoto wa shule nyingine, ambaye wala hamjui, kumweleza zoezi lilivyokuwa na alama alizopata. Kati ya waliosifiwa kwa akili, karibu wanne katika kila kumi waliongeza alama zao. Waliosifiwa kwa juhudi na wakaongeza walikuwa kidogo zaidi ya mmoja katika kumi. Wapo watafiti waliorudia majaribio ya namna hii wasione tofauti kubwa kiasi hicho, kwa hiyo siyachukui kama sheria ya maumbile. Ila nikikumbuka wateja niliokaa nao, naitambua hali ile mara moja. Mtoto anamdanganya mtu ambaye hatamwona maishani. Hamdanganyi ili apate kitu. Anamdanganya kwa sababu akisema ukweli, yeye mwenyewe atausikia.

Hapo ndipo ninapouelewa uongo uliomwambia mama yako. Najua unajiita mwongo usiku. Ulikuwa uongo, sitaubadilisha jina. Lakini haukutoka kwenye roho mbaya.

Kuna jambo jingine nakuomba ujichunguze, nami sikushutumu. Kabla ya mtihani wa tatu, ulisoma vipi? Ulianza mapema, au ulisubiri hadi wiki za mwisho, ukajipa kazi nyingi za ofisini, ukakubali kuwa katibu wa kamati ya harusi ya mtu? Mwaka 1978 Steven Berglas na Edward Jones walieleza jaribio ambalo sijaacha kulifikiria tangu nililisoma. Waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu maswali, baadhi yao wakapewa yasiyo na jibu kabisa, kisha wakaambiwa wamefanya vizuri sana. Kabla ya duru ya pili waliruhusiwa kuchagua dawa moja kati ya mbili: moja waliambiwa itawasaidia kufikiri, nyingine itawapunguzia uwezo. Wanaume waliosifiwa kwa maswali yasiyo na jibu walielekea kuichagua ile ya kuwapunguzia uwezo. Walikuwa na sifa wasiyojua waliipataje, wakaogopa kuipoteza, wakajitafutia kisingizio mapema: nikishindwa, ni dawa. Nimewaona watu wenye vichwa vizuri wakifeli mwaka baada ya mwaka kwa njia hii, kwa sababu kusoma kwa nguvu zako zote halafu ukafeli ni hatari kwa jina, na kufeli bila kusoma kunaliacha jina salama. Kama hili ni lako, unalijua tayari. Kama si lako, lipite.

Sasa rafiki yako. Ana nia njema, na neno lake nusu ni kweli. Nusu nyingine imewapoteza watu wengi. Mtu haamki asubuhi akaiacha picha yake kwa kuamua tu. Akijaribu, huenda moja kati ya njia mbili. Ya kwanza ni kuigeuza picha kichwa chini: jana nilikuwa kipanga, leo mimi ni bure kabisa, sifai kitu. Hiyo nayo ni picha, ngumu kama ile ya kwanza, na mtu huilinda kwa bidii ileile. Jaribu kumsifia mtu wa namna hiyo uone atakavyokataa. Njia ya pili hupendwa na wasomi na watu wa ibada: kujichorea picha mpya ya mtu aliyejishinda, asiyejali watu wanasemaje. Wiki mbili baadaye anachunguza kama watu wameona kwamba hajali.

William James, aliyeandika kitabu kikubwa cha saikolojia mwaka 1890, alilitazama jambo hili kwa namna ninayoipenda kwa unyoofu wake. Alisema mtu hujithamini kwa kadiri ya mafanikio yake yakigawanywa kwa madai yake. Unaweza kukuza hesabu hiyo kwa kufaulu zaidi, na unaweza kuikuza kwa kupunguza madai. Na kupunguza dai, alisema, ni nafuu kubwa sawa na kulitimiza. Alijitolea mfano yeye mwenyewe: alikuwa amejiweka kuwa mwanasaikolojia, kwa hiyo iliona haya nafsi yake mtu mwingine akijua saikolojia kumzidi, lakini kutojua Kigiriki hakukumuuma hata kidogo. Wewe ni mhasibu, utaielewa hesabu hii haraka. Madai yako hayakuwa kufaulu CPA. Madai yako yalikuwa kutoonekana hata siku moja ukiwa hujui. Hakuna binadamu mwenye mafanikio ya kutosha kuligawanya dai hilo.

Ninataka kukupa mfano wa mtu mmoja kwa kirefu. Umeniandikia kama Mkristo, naye ni mwanachuoni wa Kiislamu ambaye anasomwa mpaka leo katika darsa za misikitini huku kwetu pwani. Namchagua kwa sababu sijakutana na mtu mwingine aliyeeleza habari hii juu yake mwenyewe kwa uwazi kama wake. Abu Hamid al-Ghazali alizaliwa Tus, Uajemi, mwaka 1058. Mwaka 1091, akiwa na miaka kama 33, karibu umri wako huu, aliteuliwa kufundisha katika Nizamiyya ya Baghdad, chuo kilichokuwa na heshima kuliko karibu vyote vya wakati ule. Wanafunzi wake walikuwa kama 300. Alisifika sana kwa mijadala. Alikuwa kipanga wa dola nzima.

Mwaka 1095 akaanza kujiuliza anafundisha kwa ajili ya nini, akaona kwamba kinachomsukuma ni kutafuta cheo na jina kuenea. Alikaa karibu miezi sita akivutwa huku na huku: asubuhi anaazimia kuondoka, jioni azma imevunjika. Kisha ulimi wake ukafunga. Anasema alijilazimisha kufundisha angalau siku moja kuwaridhisha wanafunzi, na neno halikutoka. Chakula kikawa hakipiti. Matabibu wakakata tamaa, wakasema ugonjwa umetoka moyoni na kuingia mwilini, hauna dawa mpaka moyo upumzike. Mwanangu, unaposema usingizi umepungua, namkumbuka yeye.

Aliondoka. Aligawa mali yake, akabakisha ya kumtosha yeye na watoto wake. Na hapa pana jambo ninalokuomba ulione: hata wakati wa kuondoka hakuweza kusema ukweli wote. Aliwaambia watu anakwenda Makka, huku moyoni amepanga kwenda Sham, yaani Syria. Watu wa Iraki wakabaki wakibuni sababu, hakuna aliyeamini kwamba mtu anaweza kuiacha nafasi ile kwa hiari. Akakaa Dimashki karibu miaka miwili, akipanda kwenye mnara wa msikiti na kujifungia mlango mchana kutwa. Akaenda Yerusalemu, akahiji, akarudi nyumbani kwa watoto. Hakufundisha hadharani kwa takriban miaka kumi na moja.

Mwaka 1106 akarudi kufundisha, safari hii Nishapur. Kazi ileile, elimu ileile, kichwa kilekile. Ila mwenyewe alisema kwamba ingawa amerudi kufundisha, hakurudi kule alikotoka: zamani alifundisha elimu inayoleta cheo, sasa anafundisha elimu ya kukiacha cheo. Hakuwa mjinga alipoiacha picha ya ujuzi. Akili haikumtoka. Kilichomtoka ni kazi ya kuilinda, na hicho ndicho kilichokuwa kimemfunga ulimi.

Simkusudii kama kielelezo cha kuondoka. Wewe una mama, una wadogo, una kodi ya nyumba, na mtu hawezi kwenda Dimashki kwa sababu ya CPA. Kwako yote hayo yatafanyika Dodoma, ofisini na kwenye simu.

Basi, utakuwa nani? Kuna tiba ya saikolojia ambayo Steven Hayes wa Marekani na wenzake wameijenga tangu miaka ya 1980. Inamfundisha mtu kuyaacha mawazo yaje na yapite huku akitenda kwa kufuata yale anayoyathamini. Wao hutofautisha maelezo ambayo mtu hujipa, yaani mimi ni hivi na mimi ni vile, na yule anayeyasikia maelezo hayo. Jaribu usiku ambao huna usingizi. Kumbuka siku moja ukiwa darasa la pili, njaa tumboni, mwalimu anaandika ubaoni. Kisha asubuhi ya matokeo ya kidato cha nne. Kisha dakika ulipofungua matokeo ya CPA mara ya tatu. Mwili ulikuwa mwingine kila mara, mawazo mengine, na jina lilipanda na kushuka. Lakini aliyekuwepo akiyaona yote ni wewe, na hakuanza kuwepo siku ulipoitwa kipanga. Usiyafanye haya kuwa falsafa. Fanya dakika tano, ulale. Wengi hupata nafuu ndogo tu, na ndogo hiyo inatosha kwa kazi ya mchana.

Na kazi yenyewe ni ya mchana. Nakuambia wazi kwamba picha hailegei kwa kutafakari peke yake; inalegea pale unapofanya kitu ambacho ilikukataza, ukiwa bado na hofu, halafu ukaona umebaki mzima. Kwa hiyo kesho nenda kwa yule kijana. Usimwite pembeni, usijifanye unamjaribu. Sema: "Mdogo wangu, hapa kwenye kuoanisha taarifa za benki nimekwama, nionyeshe." Uso utawaka moto. Atakuonyesha, itachukua dakika kumi, na atakuheshimu zaidi ya ulivyofikiri, au hatakuheshimu. Yote mawili unaweza kuyabeba. Siku inayofuata muulize jingine. Nasisitiza jingine, kwa sababu ukiuliza mara moja tu utajisifia ushujaa na kurudi ulikotoka.

Ya nyumbani ni nzito zaidi, nami ningeanza na mdogo wako kabla ya mama. Yeye ndiye anayeumia kwa sasa bila kujua kwa nini kaka hapokei simu. Pengine anadhani amekukosea. Mpigie mwenyewe, umwambie bila utangulizi mrefu: "Nilisema nimefaulu hatua ya mwisho. Sikufaulu. Nimeifanya mara tatu. Niliona aibu kusema, na ndiyo sababu ya kutopokea simu zako." Kisha nyamaza. Usiharakishe kueleza kwamba maswali yalikuwa magumu. Yeye yuko kwenye mitihani hiyohiyo. Ukweli wako utamfaa kuliko ushauri wote uliokuwa unajikaza kumpa.

Mama usimwambie kwa simu, nenda. Kinachokutisha ni ile shukrani aliyoitoa kanisani, kwamba umemwaibisha mbele ya Mungu na jirani. Sikuahidi kwamba hatalia. Kuna akina mama ambao husema walihisi kitu tangu mwanzo, na kuna ambao hukasirika mwezi mzima. Akikasirika, ana haki. Kaa na hasira yake bila kujitetea na bila kujitupa chini. Ukiwaza ni mtu gani mzima anaweza kwenda nawe, shangazi au baba mdogo anayesikilizwa, mtafute. Kwetu mambo mazito hayapelekwi na mtu mmoja, na hilo ni jema.

Hapa nitenganishe mambo mawili ambayo nadhani yamekuchanganya. Wajibu wako kwa nyumba ile hauondoki pamoja na picha. Kama unalipia ada ya mdogo wako, endelea kulipa kwa kadiri ya mshahara wako. Huo ni upendo, na hauhitaji uwe wa kwanza darasani. Lakini kukopa ili utume pesa sawa na za mtu mwenye CPA, kwa kuwa wanadhani unayo, ni kulipia jina. Kaa na kalamu upitie miezi michache iliyopita, utaona mstari unapita wapi. Na kama uongo ule umeingia mahali pa kazi, kwenye wasifu wako au barua ya kuomba cheo, usahihishe wiki hii. Hilo halisubiri moyo upone.

Kuhusu kurudia mtihani, usiamue sasa. Subiri angalau miezi miwili baada ya ukweli kujulikana nyumbani, halafu ujiulize kama unaitaka kazi ambayo CPA inaifungulia mlango, au unataka mtihani ukurudishie jina. Ukiona ni kazi, jisajili, na safari hii usome na watu, katika kikundi ambako utaonekana ukikosea kila Jumamosi. Ukiona ni jina, ziache karatasi zile kwanza. Mhasibu asiye na CPA anafanya kazi halali na anakula halali.

Jambo la mwisho ni usingizi. Ukiendelea kupungua kwa wiki mbili zaidi, au ukipoteza hamu ya chakula na ya watu, nenda hospitali. Ikija fikra kwamba afadhali usingekuwepo, usingoje wiki hata moja: mwambie mtu aliye karibu nawe siku hiyohiyo na aende nawe. Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, iko hapo hapo mjini kwenu. Najua jina lake linavyotumiwa kwa matusi mitaani, na najua picha unayoilinda itakuambia kipanga haonekani kwenye lango lile. Nenda hata hivyo, wanaosaidiwa pale ni watu kama wewe na kama mimi.

Niandikie tena ukishaongea na mdogo wako.